Kamati ya Harusi Ilinipa Hali ya Hewa

Nyinyi mlioingia kazini mwaka huu kuangalia mawingu, karibuni, na poleni mapema. Mimi nshamaliza. Siku hizi nakaa barazani kwangu Mkunazini, na mtu akinipita akaniuliza, "Bi Riziki, leo mvua ipo?" namwambia ainue kichwa atazame mwenyewe, shingo anayo.

Mmenitaka niwaandikie niliyoyapata katika kazi. Nadhani mlitaraji mambo ya vyombo na picha za setilaiti. Hayo mtanishinda, kompyuta ya mwisho waliyotuletea nilikuwa naibembeleza kama mtoto mwenye homa. Nitakalowaambia mimi ni jinsi ya kuchekwa. Hilo chuoni hamkusomeshwa, na mtalihitaji kila msimu.

Kwanza tuelewane kazi yenyewe ni ipi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili tunatazama kile kipande cha bahari kilichoko mashariki yetu, upande wa Shelisheli na kaskazini ya Madagaska. Upepo ukipita pale hauendi moja kwa moja. Hupinda, ukajikunja, ukaendelea na safari. Pale ulipopinda tunapaita wimbi, ingawa ni wimbi la hewa na halimloweshi mtu miguu. Mawingu hurundikana hapo. Mengi ya mawimbi hayo hufa njiani bila hata kupewa jina. Lakini moja moja hukuta bahari ina joto, na upepo wa juu umetulia, na liko mbali kidogo na Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia unalipa msokoto. Hapo huanza kuzunguka. Likishazunguka likapata kitovu, si wimbi tena, ni kimbunga, na mtu mzima hukimbia.

Sisi wa Unguja tuko karibu na Ikweta, na vimbunga vingi hutupita mbali kusini. Watu wetu wameshazoea kunusurika, wanadhani ni haki yao. Kumuonya mtu aliyezoea kunusurika ni sawa na kumuamsha mtu aliyelala ale daku wakati Ramadhani haijaandama. Atakusikia, lakini hatakushukuru.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Ussi, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mwembamba, hasemi ila ana jambo, na akiwa na jambo hulisema nusu. Msimu wangu wa kwanza aliniacha peke yangu na barometa, chombo cha kupimia uzito wa hewa, akaenda kusali Alasiri. Mimi nikatazama: hewa imeshuka tangu asubuhi, na bado inashuka. Kitabu kimesema hewa ikishuka dhoruba iko njiani. Nikapiga simu bandarini, nikawaambia wafunge kila chenye kamba. Mzee Ussi akarudi, nikampa habari nikiwa nimesimama wima.

"Jana wakati kama huu ilikuwaje?" akaniuliza.

"Sikutazama."

"Na juzi?"

Akakaa, akavua kofia, akaiweka juu ya goti. "Riziki mwanangu, hewa nayo hujaa na kupwa kama maji ya pwani. Kila siku ya Mungu hushuka kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Umewapigia simu watu wa bandari kuwaambia kwamba jioni inakuja."

Msimu mzima ule, kila ikifika alasiri, simu ya ofisini hulia na sauti ya bandarini huuliza kwa adabu, "Bi Riziki, imeshuka tena leo?" Kwa hiyo shikeni hilo: linganisheni na saa ileile ya jana na ya juzi, msilinganishe alasiri na asubuhi. Na jambo la pili alilonifundisha Mzee Ussi ni hili, nalo alilisema lote kwa ukamilifu, ambalo kwake ni ajabu: usimwambie mtu mbingu itafanya nini, mwambie yeye afanye nini. Ukimwambia kuna uwezekano wa upepo mkali, atakwambia inshallah. Ukimwambia usivuke Alhamisi, hapo mtagombana, na mkigombana ujue amekusikia.

Sasa niingie kwenye harusi.

Dada yangu Zuhura, mkubwa wangu, anakaa Kikwajuni. Ni mtu ambaye akiingia ukumbini hata viti hujipanga. Binti yake Rukia alichumbiwa na Makame, kijana wa Tumbatu, fundi wa umeme, mpole mpaka unamuonea huruma. Harusi ikawekwa Ijumaa, mwezi wa Shaaban ukiwa mkiani. Baada ya hapo ni Ramadhani, na Ramadhani haozeshwi mtu. Kungoja mpaka baada ya Idi haikuwezekana, kwa kuwa Da Zuhura alikuwa ameshawaambia watu, na yeye akishawaambia watu hata mwezi huandama kwa wakati.

Kamati ya harusi ikakaa nyumbani kwake. Huyu akapewa pilau, yule akapewa turubai na viti, mwengine akapewa kupamba. Mimi nilikuwa nakunywa chai yangu kwa amani. Nikamsikia dada anasema, "Hali ya hewa, Riziki."

Nikangoja watu wacheke. Hakucheka mtu.

"Da Zuhura," nikasema, "mimi naiangalia. Siipiki."

"Basi iangalie vizuri," akanijibu, na akaenda kwenye suala la soda.

Msidhani ni ujinga wa dada yangu peke yake. Mji mzima ndivyo ulivyo. Nimewahi kusimamishwa Darajani na mama mmoja nisiyemjua akaniuliza kwa nini nimemnyeshea hitima yake. Ukifanya kazi hii Unguja, unahesabiwa ni mwenye ghala la mvua, na ikinyesha pasipotakikana basi umefungua mlango kwa chuki. Na dada hakuniamini ghala lote. Nilikuja kujua baadaye kuwa alimtafuta na Mzee Vuai, anayefunga mvua kwa vifundo vya uzi mweusi, akae akiba.

Jumamosi kabla ya harusi nikaingia zamu ya asubuhi, nikafungua picha, nikaliona. Kaskazini mashariki ya Madagaska, rundo la mawingu meupe limejikusanya. Sikustuka. Mawingu ya baharini huvimba alfajiri na kunywea jua likipanda. Nikaagiza mandazi, nikangoja. Adhuhuri nikatazama tena: hayakunywea. Jumapili asubuhi yamekuwa makubwa zaidi, na ukingo wake mmoja umeanza kujipinda kama mkia wa paka aliyelala. Hewa katika visiwa vya huko imeshuka, na safari hii nililinganisha na jana na juzi kwa saa ileile, kama namuona Mzee Ussi ananitazama. Bahari ilikuwa ya moto. Mitambo mitatu ya kompyuta inayobashiri njia ya dhoruba nikaiuliza: mmoja ukalipeleka Msumbiji, mmoja ukalileta kwetu kwa Alhamisi, na wa tatu ukasema hakuna kitu, nendeni mkalale. Mkitaka kujua elimu yetu ilipofikia, ni hapo.

Ofisi ikatoa taarifa kuwa wenye vyombo vidogo wachukue tahadhari. Tahadhari kwa mtu wa Unguja maana yake achukue koti aendelee na safari.

Na mimi nilijua nani atakuwa baharini Alhamisi. Watu wa bwana harusi walipanga kuvuka siku hiyo kutoka Tumbatu kuja Mkokotoni, kisha wapande magari kuja mjini. Mkondo ule ni mfupi. Tumbatu na Mkokotoni wanaonana. Mtu akikaanga samaki huku, kule wanameza mate. Kwa ufupi wake watu hawauogopi, na kwa kuwa hawauogopi hujaza chombo. Bibi, wajukuu, masanduku, masinia, vikapu vya halua, wote ndani ya boti moja yenye mashine moja, na wanawake wamevaa mabaibui, hata anayejua kuogelea hatoogelea. Upepo mkali wa muda mfupi tu unatosha. Niliwaona watu hao machoni mwangu kabla hata sijawajua kwa majina.

Nikenda Kikwajuni. Dada alikuwa anapanga sahani.

"Alhamisi wasivuke," nikamwambia.

"Nani wasivuke?"

"Wakwe zako. Kuna kitu kinakuja. Huenda kikaja."

"Huenda." Akaweka sahani chini. "Mimi nimealika mji kwa hakika, wewe unanambia huenda. Wavuke lini basi, mfungo mosi, Idi ikishapita?"

"Wavuke Jumanne, bahari ingali shwari."

"Na Jumanne mpaka Ijumaa wakae wapi, Riziki? Watundikwe kwenye misumari kama mabaibui? Na Makame je? Bwana harusi alale nyumba moja na biharusi kabla ya ndoa, unataka nitie uso wangu wapi?"

Hapo nikasema neno ambalo nyumba yangu hainisamehe mpaka leo. Nikasema, "Wanaume watakaa kwangu."

Dada akachukua simu akawapigia Tumbatu, na sauti aliyotumia ilikuwa ya mtu anayesema chini ya mtutu wa bunduki.

Habari ikafika kwenye kundi la harusi la simu, na humo ndimo akili za watu huenda kupumzika. Mtoto wa shangazi akarusha picha ya kimbunga kikubwa chenye jicho, akaandika, "Hiki hapa, kinakuja Unguja, tuombeane." Watu wakaanza kusoma dua. Nikawaandikia: tazameni kinavyozunguka. Kimbunga cha upande wetu, kusini ya Ikweta, huzunguka kama mishale ya saa. Hiki kinazunguka kinyume, kwa hiyo ni cha Marekani au cha huko Asia, na hakina nauli ya kufika Kikwajuni. Nikadhani nimesaidia. Mtu mmoja akajibu, "Basi hata Bi Riziki anasema hakuna kimbunga." Likachukuliwa neno hilo, likasambazwa.

Jumanne wakavuka, boti nzima. Wanawake wakaenda Kikwajuni wakiongozwa na Bi Kazija, mama yake Makame, mjane, mwanamke mpana mwenye macho ya kukagua. Alipoingia kwa dada yangu alitazama dari, akatazama madirisha, akasema, "Kumbe mjini mnalala bila ya upepo." Mchana akaletewa samaki wa kupaka. Akamgeuza kwa kidole. "Huyu kafa lini? Mbona hamkumzika?" Dada yangu, ambaye hajawahi kujibiwa nyumbani kwake tangu alipoolewa, akaenda jikoni akanipigia simu ofisini kunambia tu kuwa ananisikitikia siku nitakayokufa, kwa sababu yeye hatohudhuria.

Wanaume walikuwa kwangu. Nyumba za Mji Mkongwe mnazijua, ngazi nyembamba na giza, na wale ni watu wa pwani pana. Kila anayepanda hugonga kichwa, kila anayeshuka hugonga tena, na kila anayegonga humlaumu aliyejenga. Ami yake Makame alikoroma mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama nimenunua jenereta. Makame mwenyewe, kwa wasiwasi wa ndoa, hakuweza kutulia. Alinifungulia kila swichi na kila plagi ya nyumba, akazitengeneza hata zile nzima. Mpaka leo nikiwasha taa ya msalani na feni ya ukumbini inazunguka.

Haya, na wimbi? Jumatano alasiri nilikuwa ofisini nikaliona linakufa. Upepo wa juu ulipata nguvu, ukapita juu yake, ukalikata kichwa. Mawingu ya juu yakavutwa huku, ya chini yakabaki kule, na katikati pakawa patupu. Namna hiyo haliwezi kusimama tena. Nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikasema alhamdulillah kwa sauti mpaka mwenzangu akageuka. Kisha nikakumbuka kwamba zamu ikimalizika inabidi nirudi nyumbani.

Alhamisi jua liliwaka tangu asubuhi. Hata jani halikutikisika. Watu waliotoka Mkokotoni wakaleta habari kuwa mkondo umelala kimya, mtoto angevuka na karai. Nikaingia Kikwajuni, nikamkuta dada amevaa kanga mpya mbele yangu, anapita nayo, anageuka nayo, anainama kuokota kitu kisichokuwapo ili niisome vizuri: Kelele za mlango haziniwasi usingizi. Mnajua kwetu mtu akikuvalia kanga hana haja ya kusema. Nikaisoma. Nikamwambia rangi imempendeza.

Mtaani nikawa Bi Kimbunga. Muuza kahawa wa Mkunazini aliponiona alishikilia birika lake kwa mikono miwili lisije likapeperushwa. Na aliyesifiwa alikuwa nani? Mzee Vuai. Alikaa kwenye turubai akawaeleza watu kwamba alifunga vifundo akaona havitoshi, akafunga tena, na hapo kimbunga kikapasuka. Alipewa sinia zima la pilau. Mimi niliyelala sebuleni kwangu juu ya mkeka, kwa kuwa vitanda vimejaa Watumbatu, nikapewa ukoko.

Ndoa ikafungwa Ijumaa, Rukia akapendeza, watu wakala. Sina la kuongeza, harusi njema haina habari.

Jumamosi nikaingia zamu. Wageni walikuwa wanavuka kurudi kwao Jumapili. Jikoni kwa dada mchele ulikuwa umebaki chini ya gunia, na kila mmoja alikuwa amemchoka mwenzake kwa heshima. Nikafungua picha. Mawimbi haya huja kwa mfuatano, moja nyuma ya jengine, na wengi wetu huliangalia lililo mbele tukalisahau la nyuma. Mahali palepale, kaskazini mashariki ya Madagaska, palikuwa na rundo jengine.

Nakwambieni ukweli wangu: nilitamani nisingeliona. Nilifunga ile picha nikaifungua tena, kama kwamba litaona haya liondoke. Nikangoja adhuhuri, halikunywea. Nikalinganisha hewa na jana na juzi, imeshuka. Mitambo ya kompyuta ikagawanyika vilevile. Kila alama niliyoiona wiki iliyopita ilikuwapo, si zaidi wala si pungufu. Na ikiwa alama zile zilinitosha kuwazuia watu mara ya kwanza, nitasema nini mara ya pili? Kwamba sasa nimechoka kuchekwa? Wale bibi na wale watoto hawakupungua uzito kwa sababu mimi nimeitwa Bi Kimbunga.

Ofisi ikatoa tena taarifa ya tahadhari. Hazijapita dakika, simu yangu ikalia.

"Riziki," dada akasema, sauti tamu kama hajanivalia kanga. "Wakwe zangu wanacheka, wanasema hawaondoki mpaka wewe useme bahari shwari. Sasa sema."

"Nakuja," nikamwambia.

"Usije. Sema tu."

Nikenda. Kila mtu alikuwa uani. Mizigo imefungwa, mabaibui yamevaliwa, watoto wamepakwa mafuta, tayari kwenda kulala Mkokotoni ili wavuke asubuhi. Dada alinitazama kwa jicho moja, na jicho lile lilikuwa na maneno kuliko kanga. Makame na Rukia walikaa pembeni wameshikana mikono, hawana habari na sisi.

Nikakumbuka: usiwaambie mbingu itafanya nini.

"Kesho msivuke," nikasema. "Wala kesho kutwa. Nitakwambieni siku ya kuvuka."

Uani pote wakaangua kicheko. Ami yake Makame alicheka mpaka akakaa juu ya sanduku la watu. "Bi Riziki," akasema, "sisi tumezaliwa ndani ya mkondo ule. Ukitupenda namna hii, tuoze na mwengine, tukae kwa haki." Watu wakacheka upya. Dada yangu hakucheka. Alisogea karibu yangu, akanambia polepole ili wageni wasisikie, "Nshalisha watu hawa siku zote hizi kwa huenda yako moja. Sina mchele wa huenda ya pili. Ukinipenda, waambie bahari shwari."

"Nakupenda," nikamwambia. "Siwaambii."

Machozi yalikuwa yananilenga. Sikuyaficha. Nilikuwa nimechoka, sina pa kulala kwangu, na dada yangu hajawahi kuniomba kitu kwa upole nikamnyima. Watu wakaona, kicheko kikapungua, lakini ami bado akawa anajifuta macho, na mmoja akaanza kubeba mizigo kuipeleka nje.

Bi Kazija alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Tangu nimwambie asivuke hakucheka wala hakusema, nikadhani anatafuta tusi la kutosha. Akasimama. Akavua baibui lake, akalikunja taratibu, akaliweka juu ya mzigo, na yule aliyekuwa akibeba akasita.

"Ndugu yangu Haji alikufa mkondoni pale," akasema. "Tulikuwa tunamuona kutoka ufukweni. Asubuhi yake hakutokea mtu wa kusema msivuke." Akamtazama shemeji yake pale juu ya sanduku. "Kwa hiyo siku ile hakuchekwa mtu."

Ami akainuka juu ya sanduku. Bi Kazija akamgeukia dada yangu.

"Zuhura, mchele umekwisha, nimesikia. Unga unao?"

"Upo," dada akasema.

"Basi kaa chini. Leo napika mimi."

Watoto wakavuliwa nguo za safari. Dada aliingia jikoni nyuma ya mkwe mwenzake, na aliponipita alinishika bega, akaniacha. Hilo kwa Da Zuhura ni hotuba.

Kila nikihadithia kisa hiki vijana huniuliza: na lile wimbi la pili, Bi Riziki, lilikuja? Siwaambii, na nyinyi siwaambii. Pale uani mimi sikujua, wala Bi Kazija hakujua, na tulichofanya kilikuwa sawa palepale, kabla mbingu haijasema neno.